Ngoma ya Nyuma, Kushoto

Ngoma imegoma.
Nimeigonga kwa nyundo ya mbao mpaka bega limekufa ganzi,
nimeinywesha mafuta ya taa tangu jana alasiri,
na bado imeng'ang'ania ekseli
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Fundi Chilewa akanichungulia juu ya uzio wa minyaa:
"Nyemo, hiyo Datsun ya marehemu iuze kwa kilo.
Wanunuzi wa chuma chakavu Kizota wamejaa."
Nikamwomba aniazime boliti mbili.
Nikazikaza kwa zamu kwenye vile vitundu viwili,
huku nusu, huku nusu, huku nusu,
chuma kikalia ng'a!
na ngoma ikaniangukia mapajani.

Mapajani,
pale pale Mama alipokuwa akibana ya kwake
Buigiri, wakati wa mavuno,
wanawake kumi na mmoja, vumbi hadi kiunoni.

Vumbi la hii ni jeusi. Silipulizi,
nalilowesha kwa maji ya sabuni.
Silinda imetoka machozi, raba zake zimechanika.
Kiatu kimoja kimelika mpaka kwenye ribiti.
Vipya ninavyo, vilishuka jana na basi pale Nanenane,
vimefungwa gazeti la Dar es Salaam,
bado vinanuka dukani.

Lakini pale panapokaa springi
hapana springi.
Pana waya.

Waya wa kutambazia mizabibu,
umezungushwa mara saba, viatu vyote viwili
vimefungwa pamoja visicheze.
Ncha imekunjwa kwa ndani isimchome mtu.
Namjua mtu anayekunja ncha hivyo.

Kumbe ndiyo maana.
Ukishika breki gari lilikuwa likichepuka kulia,
naye akisema, "Hili lilizaliwa la mashindano,
linapenda katikati ya barabara."
Tukacheka. Tukashuka naye Nyang'oro
mvua inanyesha, malori yanapumua nyuma yetu,
Mama kushoto kwake, mimi nyuma chini ya kioo
juu ya gunia la mtama, naimba,
magurudumu matatu yakifanya kazi ya manne.

Nilikata waya kwa koleo. Sikuutupa.
Niliuweka kwenye kifuniko cha asali,
pamoja na springi zilizokatika na pini yenye kutu.

Kufunga vipya kuna adabu yake:
springi ya chini kwanza, ya juu inavutwa kwa bisibisi,
na ukiponyokwa utaitafuta kwenye majani
hadi jua la Nkuhungu likuchoke.
Mimi iliniponyoka mara mbili.
Ya pili aliirudisha kuku, au tuseme
aliidonoa akaiona si chakula.

Kutoa hewa kunataka mtu wa pili.
Nikamwita Mama. Akavua kandambili,
akaketi kwenye kiti cha dereva
ambacho miaka yote hakuwahi kukikalia.

"Kanyaga." Akakanyaga.
"Shika." Akashika.
Mapovu yakakimbia ndani ya mpira wa dripu.
"Achia."
Baada ya mara ya tano sikuhitaji kusema,
mguu ulikuwa umeshakamata mwendo wenyewe,
kanyaga, shika, achia, kanyaga, shika,
na mimi huku chini nikawa ndiye ninayefuata.

Hewa ilipokwisha nikamwonyesha waya.
Aliugeuza kidoleni.
"Ulikuwa gurudumu gani?"
"La nyuma. Kushoto."
"Upande wangu."
"Upande wako."

Akanyamaza kitambo.
Upepo ukalisukuma bati la choo, likagonga, likagonga tena.

"Kila mteremko," akasema,
"baba yako alikuwa akinishika goti.
Mkono mmoja usukani, mmoja hapa.
Miaka ishirini na mbili nikijua ni mapenzi.
Kumbe nilikuwa hendbreki."

Akacheka mpaka honi ikalia chini ya kiwiko,
kuku wakatawanyika,
Chilewa akatokeza kichwa kuuliza kuna nini.

"Funga tairi," Mama akasema. Hakushuka.
"Funga hilo tairi, unipe ufunguo."